Kamba za Wapiga Upinde

Kwa baba yangu mheshimiwa, Alfa Mahamane, Timbuktu.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta na afya, kifua hakikubani tena, na wanafunzi bado wanakuchosha kwa maswali. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimejihifadhi kwa wakwe zangu ng'ambo ya mto, nakula mtama wao, nao hawaniulizi kitu.

Habari za vita umekwisha kuzisikia. Lakini umezisikia kwa mdomo wa nani? Kama ni wa baba mdogo Bukar, basi sikia na wangu, maana nilikuwepo na nimechoka kunyamaza.

Tulipopata habari kwamba wageni wa kaskazini wanakuja na bunduki, baba mdogo, jemadari wetu, aliwaita wakuu wa vikosi. Akasema bunduki ni silaha ya waoga wasioweza kumtazama mtu machoni. Mzee Garba akamuuliza, je, sisi na pinde zetu huwa tunapigana na adui pua kwa pua? Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akaamuru ng'ombe watangulizwe wakawakanyage wageni, kama alivyofanya babu akashinda. Babu! Babu alipigana na watu wa mikuki!

Bunduki zililia mara moja tu, ng'ombe wakageuka, wakatukanyaga sisi wenyewe. Hivi baba, ng'ombe ana akili ya kuukimbia moto, jemadari hana?

Hilo naweza kulisamehe. La kamba silisamehe ng'o. Unaijua desturi: wapiga upinde wateule hupiga magoti juu ya ngao zao, kila mmoja amefungwa muundi wa mguu na paja pamoja, asiweze kukimbia hata akitaka. Ni kiapo cha heshima, sikatai, na zamani adui alikiogopa. Garba alimsihi asiwafunge safari hii, kwani risasi haimwogopi mtu aliyepiga magoti. Baba mdogo akamwambia akakae jikoni na wanawake.

Mdogo wangu Seyni alikuwa safu ya mbele. Jeshi lilipovunjika, baba mdogo alimchapa farasi wake akaenda zake. Yeye hakufungwa hata kidole! Vijana wale wakabaki palepale juu ya ngao, wakauawa mmoja mmoja kama kuku waliofungwa miguu sokoni.

Sasa nasikia yuko njiani kuja kukupa pole, na kukusimulia jinsi Seyni alivyokufa kiume. Huyo huyo ametangaza kwamba yeyote aliyekata kamba au kukatiwa ni msaliti, na atauawa hata akiwa wa damu yake.

Baba, kaa chini kwanza. Seyni hakufa. Nilitambaa mpaka alipokuwa nikaikata kamba yake. Alinitukana, akanipiga kiwiko, akalia nimwache na wenzake. Nikambeba mgongoni kwa nguvu. Yuko hapa, anakula kidogo, hataki kusema nami.

Najua hujapata kusema uongo maisha yako yote, wala hukutulea hivyo. Naona haya kukuomba, lakini nakuomba. Ichome barua hii, utandike mkeka wa matanga, na ndugu yako akija uipokee pole yake. Mlilie mwanao mbele yake mpaka aamini.

Nisalimie majirani wote na wanafunzi wako. Mama msalimie sana, ila la Seyni usimwambie mpaka baba mdogo aondoke. Wewe hujui kudanganya, baba. Kilio cha mama ndicho kitakachomwokoa Seyni.

Ni mimi mwanao,
Hamma