Baraka Iliyobaki Mwishoni mwa Mkanda

Mpendwa Mama Targelia, wewe unayejibu barua za watu, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana haya hata padre sijamwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mkazi wa hapa mjini Biblián, msukaji wa kofia kama alivyokuwa marehemu mama yangu. Kaka yangu Lizardo alikwenda New York mwaka 1994, akaondoka mama akiwa sokoni mji wa jirani, Azogues, hakupiga magoti, hakuomba baraka, na mama aliporudi akakuta kitanda kimetandikwa akasema, "Aliyeondoka bila kuniaga asinitafute," na kweli kwa miaka minne kaka akipiga simu mama anaendelea kusuka tu kama hasikii, mimi ndiye ninayezungumza naye. Na wewe unajua tulivyoishi miaka ile, kila ubatizo, kila harusi, kila maandamano ya Mtoto Yesu tunarekodi, tunaipungia kamera mikono, mkanda unapelekwa ofisi ya vifurushi ili walio kule nao waone. Basi mwaka 1998 mama akaugua, na alipoona hainuki tena akaniambia nimwite jirani mwenye kamera, akaketi kitandani, kofia ambayo hajaimaliza iko mapajani, akazungumza na Lizardo karibu saa nzima.

Wiki hiyohiyo binti yangu Nube alikuwa anabatizwa. Mpiga picha akaniomba mkanda mtupu kwa sababu wake ulikwama, na mimi nilikuwa na sufuria ya mahindi motoni na wageni sebuleni, nikachukua wa kwanza niliouona kabatini, sikuangalia, nikampa. Siku nne baadaye mama akafariki, na nilipoutafuta mkanda wa kaka nikakuta ndio huo uliorekodiwa ubatizo juu yake. Lizardo akapiga simu analia, "Mama hakuniachia neno? Hata moja?" Nikamwambia, "Hakuweza tena kusema, kaka." Tangu siku hiyo hajalitaja jina la mama.

Sasa amepata makaratasi ya ukaazi na anakuja Septemba, sikukuu ya Bikira Maria wa Rocío, baada ya miaka thelathini. Ameniomba mikanda yote ihamishiwe kwenye kompyuta ili wanawe waone kwao, nikaipeleka kwa Don Wilmer mwenye duka la picha. Juzi akanipigia simu. "Mama, ubatizo umeisha, halafu anatokea bibi mmoja anazungumza. Wateja wengi vipande vya mwisho huniambia nikate. Nikate?"

Nikaenda mbio. Zimebaki dakika tatu na ushei ambazo ubatizo haukuzifuta. Mama huyo hapo, amekonda, anasema, "Piga magoti, Lizardo, popote ulipo, hata kama ni jikoni kwa watu. Sina kinyongo na wewe." Anainua mkono, anachora msalaba hewani, anambariki. Halafu mama anaonyesha kwa kidole, kamera inageukia mlangoni, na aliyesimama pale ni mimi, na mama anasema, "Huyu ndiye miguu yangu sasa. Mwanangu, huu mkanda uupeleke kesho, usije ukasahau." Na sauti yangu inaitika, "Ndiyo, mama, kesho."

Mama Targelia, mimi ndiye niliyebaki, nikamwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na mimi hakunirekodia hata dakika moja. Don Wilmer anasema zile sekunde arobaini za mwisho zinaweza kuondolewa kaka asijue, abaki na baraka yake tu, nami nitamwambia mkanda ulikuwa umeangukia nyuma ya kabati. Mkanda wenyewe uko hapa mezani, bado una jina LIZARDO kwa wino mwekundu, herufi kubwa nilizoandika mwenyewe siku ile. Naona haya, sili, silali. Nikate?

Dada wa Biblián

*

Dada yangu,

Usikate. Hilo nimelijibu kwanza ili umpigie simu Don Wilmer kabla mkasi wake haujachoka kukusubiri.

Nimelia nikisoma barua yako, na nimekasirika pia, sikufichi. Unaniambia ulichukua mkanda bila kuangalia. Kisha unaniambia una jina la kaka yako kwa wino mwekundu, kwa mkono wako mwenyewe. Mtu hapitwi na jambo kama hilo, hata mahindi yakiwa yanaungua. Siku ile ulikuwa na wivu, na wivu huo naujua, nimeuguza mama yangu huku dada yangu akituma picha kutoka Milano. Ulichoka, na aliyekukimbia ndiye aliyepewa saa nzima. Hilo nalielewa kabisa. Lakini mtu amelala miaka ishirini na sita akiamini mama yake alikufa amemnunia, na wewe ulikuwa na jibu, hata kama ni kwa kulisimulia tu kwenye simu. Mkanda ulifutika, mdomo wako haukufutika.

Hiyo hadithi ya nyuma ya kabati iache hukohuko nyuma ya kabati. Ukimpa baraka pamoja na uongo, siku atakayougundua ataitilia shaka hata baraka yenyewe.

Mwambie Don Wilmer auhamishe mkanda wote ulivyo, ubatizo na mama, asipunguze hata pumzi. Nakala tatu: ya Lizardo, yako, ya Nube. Tena mwambie Nube mapema, asije akadhani ubatizo wake ndio wenye kosa. Mkanda usiutupe, na kile kipande cha plastiki mgongoni mwake kinachoruhusu kurekodi kivunje leo, mkanda usirekodiwe tena.

Lizardo akifika, usimwambie uwanja wa ndege, wala mbele ya binamu na sahani za sungura wa kuchoma. Mpeleke chumbani kwa mama, nyinyi wawili, mlango ufungwe. Mwambie kwa mdomo wako kabla hajaona chochote: mama alikurekodia, nilipewa nikuletee, sikuleta, nikakudanganya. Usianze kueleza ulivyochoka. Atapaza sauti, mwache. Akitoka nje, msubiri. Akirudi, washa. Mama akimwambia apige magoti, wewe toka, hayo ni yao. Msamaha usiuombe siku hiyo, amekaa miaka ishirini na sita na jambo lake, na wewe kaa na lako kidogo.

Na sasa neno la mwisho. Unasema mama hakukurekodia hata dakika moja. Hizo sekunde arobaini unazotaka zikatwe ndizo zako. Mtu anayekufa, mbele ya kamera, aliigeuza ikutazame wewe, akakuita miguu yake, akakupa kazi moja.

Kaifanye.

Targelia