Bosi Hasikii Tafadhali

Kithimani,
12 Mei 2025

Kavindu, wajina wa mama yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Goti limetulia tangu mvua zipungue, na kunde zimekubali. Natumaini kifua kimekuachilia. Uniwie radhi kukuandikia kwa mkono; Mutuku wa lori la nyanya atakufikishia.

Nina habari ambazo nimeshindwa kukaa nazo. Kumbe kuna Chama cha Wapenzi wa Shepadi wa Ukambani. Hukutana Machakos mjini, na mbwa wao wamechanwa manyoya kama maharusi. Nilipita na Bosi tukitoka kwa daktari wa mifugo, nikasimama kwenye uzio hadi mwenyekiti, Bwana Kiama, akaniita ndani. Alimpapasa mgongo akasema, "Mzee, huyu ni shepadi halisi. Ulikuwa umemficha wapi?" Tangu mama yako atuache, sijaulizwa swali likanifurahisha hivyo.

Shida ni moja. Kabla ya kupokewa, sharti mbwa aketi akiamriwa na aje akiitwa, mbele ya wote, tarehe ishirini na nne. Nami nikimwambia, "Bosi, tafadhali keti, kama hutajali," hunitazama kama anayesikiliza mhubiri mgeni, kisha huenda zake kivulini. Nakitamani sana chama hiki. Samahani kwa kukuchosha.

Baba yako,
Wathome

Athi River,
17 Mei 2025

Baba mpendwa,

Salamu zako zimefika zikinukia nyanya. Kifua kimepona. Kiwandani ni zamu juu ya zamu, ndiyo maana hata Pasaka sikuja. Kazi ikipungua nitajaribu.

Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Baba, unamwomba mbwa ruhusa? Bosi alilelewa na Mama, na Mama hakumwomba mtu. Kumbuka alivyosimama mlangoni, mkono kiunoni: "Bosi! Ikala nthĩ!" Bosi aliketi, na sisi mezani tukanyoosha migongo. Akisema "Ũka!" hata kuku walikuja. Sema maneno yake, kwa ukali wake. Na usimtake radhi baadaye.

Binti yako,
Kavindu

Kithimani,
21 Mei 2025

Mwanangu Kavindu,

Mimi na Bosi tu wazima. Nilikwenda nyuma ya zizi, majirani wasinisikie, nikafungua kinywa. Hayakutoka. Maneno yale hayajasemwa katika boma hili tangu tumzike mama yako, na naogopa nikiyatamka yatakuwa yangu, si yake tena. Pengine nimwombe Bwana Kiama radhi, nibaki kwenye uzio.

Baba yako

Kithimani,
25 Mei 2025

Kavindu,

Afya ni njema, ila sauti imekauka, na utaona sababu.

Jana nilikwenda, kwa kuwa Bosi aliingia garini kabla yangu. Zamu yetu ilipofika nilivua kofia, nikawaomba wanachama radhi kwa usumbufu, nikamwambia Bosi tafadhali. Akapiga miayo. Kabura, mama mwenye duka la mbegu, akasema, "Mzee, huyo anangoja barua rasmi." Uwanja mzima ukacheka. Nikakasirika, si kwa ajili yangu, bali kwa sababu walimcheka mbwa wa mama yako. Mkono ukapanda kiunoni wenyewe.

"Bosi! Ikala nthĩ!"

Akaketi. Shepadi wa Kabura akaketi pia, na Bwana Kiama, ambaye hajui neno la Kikamba, akajikuta amevuta kiti.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikasema, "Ũka!" Bosi akaja mbio, akanipita, akasimama nyuma yangu akinusa hewa, akitazama huku na huku. Kisha akarudi polepole, akaegemeza kichwa kwenye lile goti bovu. Nilijua alikuwa akimtafuta nani. Nikamshika masikio, tukakaa hivyo mpaka makofi yakaisha.

Nimepokewa, mwanangu. Nimevaa beji tangu jana, hata kanisani leo. Kabura anataka nimfundishe kukaripia. Jumapili ijayo chama chote kinakuja hapa nyumbani na mbwa wao, na Bosi nimemwosha mara mbili, ingawa siku yenyewe haijafika.

Najua una zamu.

Ũka.

Baba yako