Uzi wa Mafundo Mawili

Mbwajumali, 20 Aprili 2024

Mwanangu Yasir,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila goti langu na ubishi wake. Nasreen hajambo? Na mjukuu wangu ameota meno? Naandika kwa mkono, binamu yako Swafiya atapiga picha akutumie.

Kofia ya Idd natumai imefika. Miezi minne nimeishona, na macho yenyewe ndiyo haya.

Sasa hili. Vijana wamekuona kwenye simu umevaa kitambaa cha nahodha chenye rangi za upinde wa mvua, ukasema unawatetea wanaume wanaopenda wanaume. Mahdi, kocha wenu wa zamani, amenijia barazani. "Bi Radhiya, mwambie aseme ni mambo ya nti za watu, huko Ulaya, klabu imemlazimisha. Asiposema, twafuta jina lake kwenye kombe la mpira la Maulidi."

Sema hivyo, baba, yaishe. Miaka mitatu nangoja uje Maulidi ulitoe kombe lako kwa mkono wako, nami nikutazame.

Mamako,
Radhiya

Bergen, 2 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nasreen akusalimu sana, na mjukuu wako ana meno mawili, tayari ameshaning'ata.

Mama, hakuna aliyenilazimisha. Manahodha wenzangu wawili walikataa kukivaa na bado wanacheza. Mimi nina mke wangu, wajua. Nilikivaa kwa sababu ya Hamdu.

Wamkumbuka golikipa wetu akishona kofia nawe barazani, miguu kaikunja, akikucheka ukikosea tundu la nakshi? Tukila sinia moja, akinivizia kipande cha samaki. Nayakumbuka hayo kila siku huku, hata harufu ya ule wali. Siku Mahdi alipomwambia mbele yetu sote asikanyage tena uwanjani, kwa kuwa imejulikana yeye ni wa namna gani, nahodha nilikuwa mimi. Niliinama nikafunga kamba za viatu, na zilikuwa zimeshafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sitanyamaza mara ya pili, hata kama sitakuja Maulidi.

Kofia imefika, ni nzuri mno, lakini yanipwaya. Inateremka mpaka masikioni. Au kichwa changu kimepungua?

Mwanao,
Yasir

Bergen, 7 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Miezi mitano hujaniandikia. Swafiya asema u mzima, goti tu, nami nashukuru.

Maulidi yamepita. Nimeona picha za kombe, mahali pa jina langu pamepakwa rangi. Iliniuma, sitakuficha. Kilichoniuma zaidi ni kuwa hukuwamo katika picha hata moja.

Hamdu yuko Mombasa, tumezungumza. Ana duka dogo la kushona. Jambo la kwanza aliloniuliza, "Bi Radhiya yuaona bado kutunga uzi?" Nimemwambia nitakuuliza.

Mwanao,
Yasir

Mbwajumali, 19 Novemba 2024

Mwanangu Yasir,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na Swafiya amejifungua salama, mtoto wa kike.

Ulipoandika kofia yakupwaya nilikasirika, maana sijakosea kipimo tangu niolewe. Nikaufungua mkebe wa biskuti ninamoweka nyuzi nilizowapimia vichwa. Wako una fundo moja. Nilioutumia una mafundo mawili. Ni wa Hamdu, yule tukimtania kitwa kikubwa. Miaka kumi na miwili uko humo na sikuutupa. Nililia, Yasir, hadi Swafiya akadhani kuna msiba.

Wewe ulifunga kamba za viatu. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Siku ile ile, baada ya alasiri, Hamdu alikuja kuniaga na begi lake, akabisha, akaniita mama, nikajifanya nimelala. Ndiyo maana kalamu ilikuwa nzito.

Dini yangu ni ile ile, na mengine sina ujuzi nayo, namwachia Mungu. Lakini yule ni mtoto niliyempakulia, na nilimfungia mlango. Mahdi nimemwambia kombe ni lake, baraza ni yangu, wa kukaa namchagua mimi.

Kofia yako nimeianza upya, kwa uzi wa fundo moja. Ile usinirudishie, mpelekee mwenyewe. Akiigeuza ataona ukingoni matundu matatu sikuyashona. Macho yalichoka nikadhani nimemaliza.

Aje ayamalize. Sindano yake imo mkebeni.

Mama yenu,
Radhiya