Bakuli la Vifungo

12 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi sijambo, ila ni mkaidi kama ulivyonilea.

Asante kwa kukubali nije karakanani kwako kuwauliza mafundi wa nguo kuhusu hofu kazini. Bila utafiti huu sihitimu. Lakini wale kumi uliowapanga, nawakataa wote. Ukiniteulia wanaojua kuongea, nitapata mawazo ya wanaojua kuongea basi. Mpe kila fundi namba, vikaratasi vitie kwenye lile bakuli lako la vifungo, changanya, chota kumi bila kuangalia. Atakayetoka ndiye huyo huyo. Akiwa hayupo, nitamsubiri. Akikataa mwenyewe, nitamwacha. Jirani yake simtaki.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado unasumbua, ila ulimi mzima, kwa hiyo nisikilize. Nasimamia karakana hii tangu hujaota meno, leo bakuli ndilo liniambie nani aseme? Nimechota hivyo hivyo, na unajua limenitolea nani? Mama Kisirani, mpiga pasi wa kule mwisho, asiyejibu hata salamu. Mafundi wote hawa, katoka yeye! Wenzangu wamecheka mpaka basi.

Haya, umeshinda. Njoo Jumatatu, wote kumi watakuwa tayari. Na ule vizuri, mara ya mwisho ulikuwa mifupa mitupu.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi salama, afya nzuri, na nina hasira.

Yule mama uliyeniletea kama mpiga pasi nilimuuliza siku yake ngumu huwaje. Akanisimulia sindano zinavyomkatikia. Mpiga pasi na sindano wapi na wapi? Majibu yake yote asali tupu: haogopi kitu, mwenye karakana ni kama baba yake. Nimeyafuta. Msimamizi wangu chuoni kasema niyarudishe, ni mtu mmoja tu, nani atajua? Nikamwambia nitajua mimi. Kasema basi mwaka huu nisahau kuhitimu.

Na iwe hivyo. Umenisomesha, Shangazi, na nakupenda, lakini hapa sirudi nyuma. Namtaka Mama Kisirani. La sivyo kiti chake kitabaki kitupu, na nitaandika kwamba kulikuwa na mtu aliyezuiwa kukikalia.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Unalala vizuri? Nimekununia hadi nimechoka, maana kununa nako ni kazi.

Aliyekataa Mama Kisirani akae nawe ni mwenye karakana. "Peleka wanaochekacheka," aliniambia. Nikapeleka, kwa sababu namwogopa. Umekuja kutafuta hofu, mwanangu, na hofu hiyo hiyo ndiyo iliyokupangia watu. Jambo hili limenikera mpaka nimeshindwa kulimeza.

Juzi nikamfuata Mama Kisirani pale kwenye mvuke, nikamuuliza kama anataka kuzungumza nawe. Akaendelea kupiga pasi.

"Nani kanichagua?"

"Hakuna. Umetoka kwenye bakuli."

"Si wewe?"

"Mimi nilikuficha."

Akacheka! Miaka yote hii sikujua ana mwanya. Akasema, "Basi nitakuja. Ungenichagua wewe, nisingekuja."

Kwa hiyo njoo Alhamisi. Mkae kwenye stoo ya vitambaa, mlango mfunge, na atakayokwambia usiniambie hata mimi. Pasi yake nitaishika mwenyewe, mgongo upende usipende. Mwenye karakana kasema nikithubutu, Ijumaa nisionekane. Nimemjibu kwamba Ijumaa nitafika mapema kuliko yeye, na kama ana neno alitoe mbele ya mafundi wote. Akaenda zake, nami nikarudi kazini.

Huyo msimamizi wako naye mwambie shangazi yako anamsalimia, na kwamba kiti kimepata mwenyewe.

Jambo moja limebaki. Mafundi wote uliniambia niwape namba, mimi hukunitaja. Najua, mimi ni mkubwa wao. Lakini nami naogopa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimekata kikaratasi changu, nimekitia bakulini pamoja na vifungo. Safari ijayo chota mwenyewe, na usinitafute kwa vidole kwa kuwa ni shangazi yako.

Changanya kwanza.

Shangazi yako