Mtini Uliovaa Soksi

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Je, kifua chako kimepoa? Na wifi, bado anasumbuliwa na lile jino, au amekubali ling'olewe? Sisi huku Mungu anatulinda, hatujambo wote, ila shemeji yako hana soksi. Hilo nitakueleza, maana ndiyo habari yenyewe.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwa ukali kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua Mama, kwa sababu kwangu hali chakula, na atatufia mikononi. Sikukasirika. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikakaa kukujibu. Ni kweli, tangu Baba atutoke Mama amekataa chakula. Uji anaukoroga mpaka unapoa. Wali anauhamisha kutoka upande huu wa sahani kwenda ule, kama mtu anayepanga makochi. Ukimbembeleza anasema ameshiba, wape watoto. Watoto gani, wakati wangu wa mwisho ameota ndevu na anajitegemea? Daktari wa zahanati alinionya kwamba akizidi kukonda atalazwa. Lakini nilipomgusia habari ya kuhamia kwako, alisema sawa, kisha akageukia ukutani kutwa nzima. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Unakumbuka nilikuambia nimepanda mtini? Mteja mmoja wa pale dobi ninapopiga pasi alinipa kijiti, nikakichomeka kwenye pipa bovu nyuma ya jiko. Shemeji yako akacheka, akasema nimepanda bakora, akawa anatundika kofia yake hapo akirudi kazini. Siku kofia ilipokutwa chini, imesukumwa na jani, aliiokota akaitundika msumarini.

Mdogo wangu, panda mtini! Hautaki shamba. Upe jua, maji ya kuoshea mchele, na neno zuri kila asubuhi. Majani yake mapana kama viganja. Ukichuma moja linatoa maziwa yanayowasha, basi usijishike macho kama nilivyofanya mimi. Maua huyaoni, tunda linachomoza tu kwenye tawi, kama mgeni asiyepiga hodi. Likiiva linainamisha shingo, ngozi inapasuka kidogo, ndani jekundu, na utamu wake unakufanya ufumbe macho umshukuru Muumba. Tini ya kwanza nilimpelekea Mama kwenye kisahani. Akaitazama, akasema ni nzuri, wape watoto.

Ndege nao wakapata habari. Nikaona bora nivishe kila tunda soksi na kufunga kwa uzi. Za kwangu hazikutosha, nikaingia kwenye kabati la shemeji yako. Naye ni mlinzi wa geti la shule, unajua, kusimama kutwa. Akawa anavaa buti miguu mitupu, anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Wapita njia wakauliza kama mti wetu unasikia baridi.

Ndege walisalimu amri, lakini tini zikaendelea kupotea! Nafungua soksi imejaa vizuri, fundo limekazwa, ndani nakuta kitunguu. Ndege gani anajua kufunga fundo? Na jikoni kwangu vitunguu navyo vikawa vinapungua, nikasema huyu mwizi ni hodari, anatuibia pande zote mbili. Shemeji yako aliumia kuliko mimi, maana majirani walimtania kwamba analinda shule nzima ila pipa moja limemshinda. Siku yake ya mapumziko aliweka kiti kando ya mti, filimbi shingoni. Akasinzia mpaka akakoroma. Alipoamka, kitunguu kingine kilikuwa kimeshavaa soksi.

Mimi nilimshuku fundi cherehani jirani yetu, kwa sababu aliwahi kuzisifu tini zangu huku akimeza mate. Nikaacha kumsalimu, na gauni langu nikalichukua likiwa na mkono mmoja. Kisha nikasimama kwenye kikundi chetu cha maombi, nikawaomba akina mama tumwombe Mungu amshike mwizi tumbo mpaka akiri. Mwenyekiti akasema ni vizuri tumwombee toba. Nikamjibu toba nayo ni nzuri, ila litangulie tumbo.

Wiki hiyohiyo Mama akaanza kuendesha. Nikamkorogea maji ya chumvi na sukari, nikawa nampeleka chooni na kumrudisha, huku nikishangaa mtu asiyekula anatoa nini. Na bado akili haikunijia!

Ndipo umeme ukakatika pale dobi, pasi zikapoa, tukaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Nikapitia mlango wa nyuma. Mama yetu, ambaye huwa namshika mkono akienda msalani, alikuwa amesimama wima kando ya pipa, anafungua fundo kwa meno. Akatoa tini, akaila taratibu, akalamba vidole. Halafu akatoa kitunguu kwenye mfuko wa sweta, akakivisha soksi ya mume wangu, akakaza uzi, akakipapasa kama mtoto aliyelala. Kisha akacheka peke yake mpaka mabega yakatikisika. Kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu mazishi. Nilijificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, nikauma shuka, sijui nilikuwa nacheka au nalia.

Mwizi ni Mama, mdogo wangu. Nasi ndio tuliomfikisha huko. Tulikuwa tunamzunguka wote, tunamhesabia matonge, tunamkodolea macho kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Mama amelisha watu maisha yake yote, kulishwa kumemshinda. Lakini kuiba anaweza.

Sijamwambia kwamba najua. Kwenye kikundi nimeomba maombi yasimame, kwani mwizi amepatikana. Waliponiuliza ni nani, nikasema Mungu anamjua, na huo si uongo. Fundi nimemwomba radhi, anamalizia mkono wa pili. Na kila asubuhi nafunga soksi kwa uzi uliolegea, nalalamika kwa sauti kubwa kwamba siku nitakapomkamata huyo mtu atanitambua. Mama ananituliza, eti nisamehe, huenda ana njaa.

Basi, kwa kuwa tini zinakaribia kwisha, nikachemsha mayai, nikayafunika, nikatangaza kwamba ni ya shemeji yako na mtu asiyaguse. Yakatoweka. Nikaficha uji wa karanga kwenye chupa ya chai, nao ukatoweka. Juzi daktari alimpima, akataka kujua ni dawa gani tunampa. Nikasema ni mambo ya nyumbani tu.

Kwa hiyo njoo, lakini njoo kama mgeni. Leta biskuti zako, useme ni zako peke yako, uziweke mahali mkono wa mama mzee unafika, kisha twende nje nikuonyeshe mtini. Usiwe na haraka ya kurudi ndani.

Shemeji yako anakusalimu, anaomba soksi. Mama naye anakusalimu sana. Amepita hapa sasa hivi, akasema nikuandikie kwamba chakula bado hakimpandi kabisa. Sikumsikia vizuri, shavu lake moja lilikuwa limejaa.

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi,
Dada yako