Televisheni ya Babu Haitupwi

Wanangu,

Chakula kiko jikoni, pasheni. Msichomoe king'amuzi kwenye televisheni ya babu. ~~Msiiwashe mpaka nirudi.~~ Washeni tu, ila msigombanie rimoti.

Asubuhi nilikuwa hapa nyumbani nafanya mazoezi ya kazi yangu ya leo, kuwaeleza watu sokoni kwamba matangazo ya analojia yanazimwa Jumapili. Babu yenu akanikatiza: "Mkwe wangu, kazi yako ni kututisha tu, tutupe televisheni zetu."

Iliniuma, siwafichi. Nikachukua king'amuzi kimoja cha maonyesho, nikakiunganisha kwenye televisheni yake ile ile ya kizamani. Chenga zikaisha, picha ikatulia. Akasogeza kiti.

"Kumbe huyu mtangazaji ana mvi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi msihangaike kumtafuta babu. Amevaa koti lake la harusini, tumeondoka wote. Kaniambia, "Wewe waonyeshe namna ya kuunganisha. Kwamba televisheni kuukuu haitupwi, hilo niachie mimi. Wazee wenzangu wakikubishia wewe, mimi hawaniwezi."

Sokoni leo watatukoma.

Mama yenu