Korongo Juu ya Shangazi

Kaka yangu mpenzi Ouma,

Nakusalimu kutoka Homa Bay, kwa shangazi. Filamu ilibaki na picha moja tu, nikaiweka kwa ajili ya korongo uliyemtaka, akiwa angani. Leo asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu. Wanawake walipotupa matumbo ya samaki, korongo walikuja polepole, miguu imenyooka nyuma, kana kwamba wamelala juu ya hewa. Shangazi alipoiona kamera, akaja mbele yangu, akasimama wima, midomo ameikaza.

“Shangazi, napiga ndege!”

“Ndege, na mimi nipo? Piga!”

Korongo mmoja akapita juu yake. Upepo wa mabawa ukamfanya ainue uso, akacheka. Hapo nikabonyeza.

Filamu itasafishwa Kisumu. Ninaomba wawe wameingia wote wawili.

Akupendaye,
Akinyi